Alisaini fomu ya upasuaji na daktari kahamishwa: hospitali bado inadaiwa?

SWALI: Wakili, shikamoo. Naishi Uyole. Mdogo wangu alijifungua kwa upasuaji Agosti mwaka jana katika hospitali teule ya kanisa huku Rungwe. Mtoto ni mzima. Siku chache baada ya kuruhusiwa alirudi na homa na maumivu ya tumbo, akapewa vidonge na kuambiwa ni mshono unapona. Wiki iliyofuata akarudi tena, akachomwa sindano, akaambiwa asinyanyue vitu vizito. Alipozidiwa tulikodi gari tukampeleka Mbeya. Huko walimfungua upya wakakuta kitambaa tumboni na usaha mwingi, na kizazi kikatolewa. Tumerudi hospitali ya kwanza, wanasema alisaini fomu ya kukubali upasuaji, na daktari aliyempasua alishahamishwa, tumtafute yeye. Kaka anataka twende polisi, shemeji anataka tuweke Facebook. Je, hospitali inawajibika au ni daktari peke yake?

JIBU: Marahaba, dada. Mpe mdogo wako pole nyingi, na ndaga fijo kwa kueleza mambo kwa mpangilio. Wengi huniandikia kwa hasira tu na tarehe zikabaki nyumbani.

Kwa maelezo uliyotoa, hospitali inawajibika. Fomu aliyosaini haifuti uzembe, na kuhamishwa kwa daktari hakuhamishi deni. Ila mjue mapema kwamba kuwa na haki ni jambo moja na kulipwa ni jingine. Madai ya namna hii niliyoyaona yakianguka, mengi hayakuanguka kwa sababu hospitali haikukosea. Yalianguka kwa sababu familia ilimshtaki asiye mwenye hospitali, au ilichelewa, au ilipoenda kuomba faili ikaambiwa halionekani.

Nianze na hiyo fomu, maana ndiyo inayowatisha watu wengi. Ridhaa ya upasuaji ipo kwa sababu bila idhini ya mgonjwa kumpasua tumbo ni kumshambulia. Anaposaini anakubali kwamba ameelezwa atafanyiwa nini, na anazipokea hatari ambazo hata daktari makini hawezi kuziondoa zote: damu kutoka kwa wingi, mshono kuingia vijidudu, dawa ya ganzi kuleta matatizo. Hakuna anayekubali kusahauliwa kitambaa tumboni. Mkipata nakala ya fomu isomeni mstari kwa mstari. Hata mkikuta maneno ya jumla kwamba hospitali haitahusika na lolote litakalotokea, sijui wakili mwenzangu ambaye angesimama mahakamani akayategemea hayo peke yake, tena yamesainiwa usiku na mama aliye kwenye uchungu. Angalieni pia ni nani alisaini. Mtu mzima mwenye fahamu zake huridhia mwili wake mwenyewe. Kama kidole gumba kwenye karatasi ni cha mama mkwe wakati mgonjwa alikuwa anaongea vizuri, hilo liandikeni kando.

Sasa uzembe wenyewe. Si kila tokeo baya ni uzembe, na ni vizuri mkalielewa hilo kabla ya kukutana na wakili wa upande wa pili. Mwanamke anaweza kupasuliwa na daktari bora kabisa nchini na bado mshono ukapata maambukizi. Anaweza kupoteza kizazi kwa damu isiyokata bila mtu yeyote kukosea. Mahakama huuliza kama aliyemtibu alifanya kile ambacho mtaalamu mwenye ujuzi wa kawaida wa kazi ile angefanya katika mazingira yale. Kipimo hicho kinatokana na kesi ya Uingereza ya 1957 iitwayo Bolam, ambayo wanasheria wetu huitaja mara kwa mara kwa sababu sheria yetu ya madhara, yaani ya kudai fidia kwa aliyekuumiza, imejengwa juu ya msingi wa Kiingereza. Mwaka 1997 majaji wa huko waliongeza jambo la maana katika kesi ya Bolitho: haitoshi madaktari kadhaa kusema "hata sisi tungefanya hivyo", lazima walichofanya kiwe na mantiki. Kwa hiyo utetezi wa "ndivyo tunavyofanya hapa" una mpaka wake.

Kitambaa kilichobaki tumboni kinakaa mahali pengine kabisa. Ili uone ni kwa nini, ingia nami kidogo thieta, chumba cha upasuaji.

Kuna anayepasua na msaidizi wake, mtaalamu wa usingizi, muuguzi anayeshika vifaa na muuguzi wa kuzunguka. Kabla kisu hakijagusa ngozi, wauguzi wale wawili huhesabu pamoja shashi (vitambaa vya kufyonza damu), kwa sauti, moja moja, na yule wa kuzunguka anaandika ubaoni. Zikiongezwa nyingine katikati ya kazi, na ubao unaongezwa. Zilizolowa damu hazitupwi ovyo, zinapangwa kando zionekane. Kabla ya kufunga kizazi wanahesabu. Kabla ya kufunga tumbo wanahesabu tena, na ngozi inapofungwa wanahesabu mara ya mwisho. Hesabu isipotimia, daktari hafungi. Anapekua ndani, wenzake wanapekua ndoo, mashuka na chini ya meza, na isipopatikana mgonjwa hupigwa eksirei, maana shashi za upasuaji hutengenezwa zikiwa na uzi unaoonekana kwenye picha. Kama hospitali ilikuwa inanunua za bei rahisi zisizo na uzi huo, uamuzi huo haukuwa wa daktari aliyehamishwa. Ulikuwa wa menejimenti.

Haya si mambo ya Ulaya peke yake. Shirika la Afya Duniani lilipotaka kujaribu orodha yake ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji, yenye vipengele 19, lilichagua hospitali katika miji minane duniani, na mmojawapo ulikuwa Ifakara, ng'ambo ya milima ya Udzungwa ukitokea Iringa, katika hospitali ya St Francis, ambayo nayo ilikuwa hospitali teule ya kanisa kama hiyo yenu. Matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha kwamba katika hospitali zote nane kwa ujumla vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara mengine makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Moja ya vipengele hivyo ni muuguzi kutamka mbele ya wote kwamba vifaa, shashi na sindano zimetimia. Mtu akiwaambia hospitali ya wilaya haiwezi kufikia kiwango hicho, Ifakara iliweza.

Ndiyo maana sheria ina kanuni kwamba baadhi ya mambo hujieleza yenyewe. Shashi haiingii tumboni yenyewe, haibaki humo pakiwa na uangalifu wa kawaida, na mgonjwa alikuwa amelazwa kwa dawa hana namna ya kujua nani alifanya nini. Hapo hospitali ndiyo inayotakiwa kueleza. Inawezekana wakaleta karatasi iliyoandikwa "hesabu imetimia". Msivunjike moyo. Karatasi hiyo ikiwekwa pembeni ya taarifa ya upasuaji wa pili, inathibitisha kwamba ama hawakuhesabu, ama walihesabu vibaya.

Kuna kosa la pili ambalo wewe mwenyewe umelipita haraka, na kwangu lina uzito sawa au kuzidi la kwanza. Mdogo wako alirudi mara mbili. Mama aliyetoka kupasuliwa, ana homa na maumivu ya tumbo, anatakiwa kupimwa joto na mapigo, kukaguliwa tumbo na uchafu unaotoka ukeni, kupimwa damu na kupigwa utrasaundi, na pasipokuwa na kipimo apewe rufaa. Kumpa vidonge kunaweza kueleweka mara ya kwanza. Aliporudi mara ya pili na malalamiko yaleyale, yaliyozidi, na bado hakuna aliyemgusa tumbo, hapo ni vigumu kujitetea. Na huenda aliyemwona siku hizo si daktari aliyempasua. Huenda ni tabibu wa zamu siku moja na mwingine siku ya pili. Ukimfuata daktari peke yake, hilo kosa la pili lote linakuponyoka.

Kosa hilo la pili pia ndilo litakalobeba swali gumu kuliko yote katika kesi yenu: kizazi kilitolewa kwa sababu ya nini? Hospitali haitabishana sana juu ya kitambaa. Itasema maambukizi ya kizazi yangetokea hata bila kitambaa, kwa kuwa uchungu ulikuwa mrefu au chupa ilipasuka mapema. Ninyi mtatakiwa kuonyesha kwamba, kwa uwezekano mkubwa zaidi, ni kitambaa na kucheleweshwa kulikofikisha mambo pale. Jibu liko kwenye taarifa ya upasuaji wa Mbeya: kitambaa kilikutwa wapi, usaha ulikuwa wapi, kizazi kilikuwa katika hali gani, na kwa nini waliamua kukitoa. Kama kipande kilipelekwa maabara ya patholojia, majibu yake nayo yanahitajika. Kwa sababu hiyo msiwageuzie kibao waliomfungua mara ya pili kwa kuwa tu ndio waliotoa kizazi. Waliokoa maisha yake, na ndio mashahidi wenu. Nenda kawasalimie, uwaombe taarifa kwa heshima.

Mtahitaji pia daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi wa kusoma faili na kutoa maoni. Ukimtafuta Mbeya utazunguka sana, kwa sababu wote wanafahamiana, walisoma pamoja, wanapeana rufaa. Tafuteni mtu wa kanda nyingine. Gharama yake ni kubwa, lakini ni bora kuliko fedha zote mtakazotumia kwenda na kurudi mahakamani bila maoni hayo.

Turudi kwenye swali lako: hospitali au daktari? Wote wawili wanaweza kudaiwa, ila mdaiwa wa maana ni hospitali. Mwajiri hubeba makosa ya mtumishi wake aliyoyafanya kazini. Mgonjwa naye hakumchagua daktari. Alikwenda hospitalini, na hospitali ndiyo iliyompangia nani ampasue, nani ashike vifaa, nani awe zamu. Kuna kesi ya Uingereza ya 1951, Cassidy dhidi ya Wizara ya Afya, inayofanana na yenu kuliko unavyoweza kudhani. Mtu aliingia hospitali vidole viwili vikiwa vimejikunja. Baada ya upasuaji mkono ulifungwa kwenye ubao siku 14, akawa analalamika maumivu na kupewa dawa za kutuliza tu. Ulipofunguliwa, vidole vyote vinne vilikuwa vimekakamaa, mkono haufai kitu. Majaji walisema halikuwa jukumu lake kuonyesha ni daktari yupi au muuguzi yupi alikosea. Alikuwa mikononi mwa hospitali, na hospitali ndiyo ijieleze. Uamuzi wa Uingereza hauifungi mahakama yetu, lakini una ushawishi, na hoja yake ni ya akili ya kawaida.

Nasi tuna la kwetu la kukumbuka. Mwaka 2007 katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walibadilishwa: aliyetakiwa kupasuliwa goti akapasuliwa kichwa, na wa kichwa akapasuliwa goti. Madaktari walioshika visu walikuwa sehemu ya mkasa tu. Kabla yao mgonjwa alipita wodini, akapita kwenye kitanda cha kusukuma, akapita mlango wa thieta na mikononi mwa mtu wa usingizi, na hakuna hatua hata moja iliyomnasa.

Kwenye hospitali teule ndiko familia nyingi hupotea njia. Majengo na usajili ni vya kanisa, lakini kwa makubaliano hospitali hutumika kama hospitali ya wilaya: serikali hutoa ruzuku, dawa, na baadhi ya watumishi wanaolipwa mshahara na serikali huku wakifanya kazi chini ya uongozi wa kanisa. Kwa hiyo daktari "kuhamishwa" kunawaambia kitu: yawezekana alikuwa mtumishi wa serikali aliyeazimwa pale. Basi mjue mambo mawili kabla ya kuandika hati yoyote.

La kwanza ni jina. Hospitali ya kanisa kwa kawaida si mtu kisheria, na hata neno "Dayosisi" peke yake laweza kuwaangusha. Wanaoshtakiwa ni Wadhamini Waliosajiliwa wa kanisa au dayosisi husika, kwa jina lilivyo kwenye cheti chao. Jina hilo hutafutwa RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Nimeona madai mazuri yakitupwa kwa pingamizi la awali, hata shahidi mmoja hajasikilizwa, kwa kuwa mdaiwa aliandikwa jina la kibao cha getini.

La pili ni serikali. Kama daktari, tabibu au muuguzi husika analipwa na halmashauri, halmashauri nayo inafaa kuunganishwa, na hapo mnaingia kwenye Sheria ya Mashauri ya Serikali. Inataka notisi ya siku 90 ya kusudio la kushtaki, ipelekwe kwa taasisi inayodaiwa na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Siku hizo zikiisha ndipo mnafungua shauri Mahakama Kuu, kwenu Kanda ya Mbeya, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe. Tangu marekebisho ya 2020 utaratibu huu unazigusa waziwazi halmashauri, wakala na mashirika ya umma, na asipounganishwa shauri lote linaharibika. (Kwa wasomaji wengine: aliyeumia katika hospitali ya rufaa ya kanda au ya mkoa anaielekea Wizara ya Afya, aliyeumia zahanati, kituo cha afya au hospitali ya wilaya ya serikali anaielekea halmashauri.)

Muda. Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3. Mkijenga madai juu ya mkataba, kwamba mlilipia huduma na hamkuipata ipasavyo, ukomo ni miaka 6, ila msilitegemee hilo. Zaidi ya hapo, Sheria ya Ukomo ina kipengele cha mwaka 1 kwa fidia inayotokana na jambo lililofanywa, au lililoachwa kufanywa, katika kutekeleza sheria iliyoandikwa. Nadhani hakipaswi kuhusu shashi iliyosahauliwa, lakini hoja hiyo ikiinuliwa ni ninyi mtakaohangaika kuijibu. Upasuaji ulikuwa Agosti mwaka jana, kwa hiyo pigeni hesabu leo, tangu siku ya upasuaji wenyewe na si siku mliyogundua, na siku 90 za notisi zihesabuni ndani ya muda huo kwa usalama wenu.

Kuhusu polisi. Kaka hajakosea kisheria. Kanuni ya Adhabu inalitaja kosa la kumtibu au kumpasua mtu kwa uzembe unaohatarisha maisha. Lakini jinai huthibitishwa bila kuacha shaka yoyote ya maana, dhidi ya mtu mmoja mmoja, na mwishoni haimlipi mgonjwa matibabu yake. Ubaya wa kuanzia huko ni kwamba kila mtumishi hufunga mdomo siku hiyohiyo, na faili laweza kuchukuliwa kama kielelezo mkakaa muda mrefu bila kuliona. Mimi nisingeanza huko, isipokuwa kama kuna dalili za kughushi au kuharibu kumbukumbu.

Mabaraza ya kitaaluma ni njia nzuri na inayosahaulika. Daktari na tabibu wako chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika kwa sheria ya 2017. Wauguzi na wakunga wako chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga kwa sheria ya 2010. Unaandika malalamiko yenye tarehe na viambatisho, mlalamikiwa anatakiwa kujibu, na baraza laweza kumwonya, kumsimamisha au kumfuta kwenye daftari. Kuhama kwake hakumsaidii, maana usajili ni wa nchi nzima. Fidia haitoki huko, lakini majibu atakayoyaandika kwa baraza huwa na manufaa baadaye.

Facebook, hapana. Mkitaja jina la daktari mkakosea kitu kimoja, mnampa nafasi ya kuwashtaki kwa kashfa, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina adhabu kwa taarifa za uongo. Tena hizo ni habari za tumbo na kizazi cha mdogo wako. Akiamua mwenyewe kuzisema ni haki yake, shemeji asimwamulie.

Jambo ambalo hujaliuliza lakini litakuja: hospitali ya kanisa ikiona mmeanza kuandika barua rasmi, kuna uwezekano mkubwa ugeni utafika nyumbani. Mchungaji, mzee wa kanisa, labda na matroni. Watasali nanyi, watatoa pole, na huenda kukawa na bahasha. Wapokeeni vizuri. Sina tatizo na suluhu; hata mahakamani shauri la madai hupelekwa kwanza kwa usuluhishi kabla ya kusikilizwa, na mara nyingi suluhu ya mezani inamfaa mgonjwa kuliko miaka ya kuahirishiwa tarehe. Tatizo ni karatasi itakayoambatana na bahasha, yenye maneno kama "tumepokea na hatuna madai zaidi". Hiyo msisaini siku hiyo. Semeni kwa upole kwamba mnaipeleka kwa wakili kwanza. Laki chache za pole zilizosainiwa hivyo zimewahi kufunga milango mikubwa. Na suluhu ikifikiwa, iandikwe ikitaja gharama za matibabu yajayo pia, si zile zilizokwisha tumika tu.

Fedha kiasi gani? Sitakutajia namba, na wakili atakayekutajia kabla ya kuona faili mwogope. Kuna madai ya hasara mahususi: gari la kukodi kwenda Mbeya, dawa, kulazwa, nauli za kurudi kliniki, mshahara au biashara iliyosimama. Haya lazima yaandikwe kwenye hati ya madai na kuthibitishwa shilingi kwa shilingi. Risiti iliyopotea ni fedha iliyopotea. Mwenye gari mliyemkodi bila risiti, mwombeni aandike na kusaini sasa, angali anaikumbuka safari. Kisha kuna fidia ya jumla, ya maumivu na ya kupoteza uwezo wa kuzaa katika umri wake, ambayo hakimu au jaji hukadiria kwa busara yake. Hii haina bei rasmi, na tofauti kati ya mahakama na mahakama ni kubwa. Kama uwezo wa kumlipa wakili haupo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua watoa msaada wa kisheria na wasaidizi wao hadi ngazi za chini; ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yenu wawaelekeze.

Jambo la mwisho ni la kufanya wiki hii. Mdai katika shauri hili ni mdogo wako, si wewe wala kaka wala mumewe. Kaa naye peke yake umuulize anataka nini. Wapo wanaotaka fidia, na wapo wanaotaka kuambiwa tu ukweli wa kilichotokea na kuombwa radhi. Akiwa tayari kuendelea, yeye mwenyewe asaini barua kwa Mganga Mfawidhi, na nyingine ya namna hiyohiyo kwa hospitali iliyomfungua Mbeya. Msiilaumu hospitali ndani yake. Ombeni kumbukumbu tu. Iwe fupi namna hii:

"Mimi, mgonjwa mwenye namba ya faili iliyotajwa hapo juu, nilifanyiwa upasuaji wa kujifungua katika hospitali yako. Kwa haki yangu ya kupata taarifa zinazonihusu chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, naomba nakala za faili langu lote, zikiwemo: patografu (chati ya maendeleo ya uchungu), fomu ya ridhaa, taarifa ya upasuaji, karatasi ya hesabu ya vifaa na shashi, chati ya dawa ya usingizi, kumbukumbu za wauguzi, chati ya dawa, karatasi ya kuruhusiwa, na maandishi ya siku mbili nilizorudi kliniki. Namruhusu dada yangu kuzipokea kwa niaba yangu. Niko tayari kulipia gharama ya kudurufu."

Peleka nakala mbili, moja ibaki kwao, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na saini ya masjala. Wakisema faili limepotea, omba waandike hivyo kwa barua. Wakikataa kuandika, rudi siku nyingine na mtu wa kushuhudia, kisha nakala ya barua iende kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na wa Mkoa. Kitambaa chenyewe kama kilipigwa picha kule Mbeya, iombeni picha hiyo kabla simu ya aliyeipiga haijabadilishwa.